Daftari la Hiari: Kufifia kwa Picha ya Baba na Binti Garissa

Mwanamke wa Kisomali haachi jina la babake anapoolewa. Anabaki na majina yake matatu: lake, la baba na la babu. Msichana, sawa na mvulana, hufundishwa abtirsi, yaani mnyororo wa majina ya mababu, na akiulizwa na mgeni yeye ni wa nani, hupanda jina hadi jina mpaka wafike pale koo zao zinapokutana. Kwa hiyo picha ya baba aliyeketi na bintiye amesimama kando yake ilikuwa, kwetu Garissa, jina la mtoto likiwa na uso.

Nyumbani tunayo moja, ya mwanzoni mwa miaka ya sabini. Baba amekaa kwenye kiti cha mbao, amevaa macawis, yaani kikoi, iliyopigwa pasi na shati jeupe lililofungwa hadi kifungo cha juu. Mkono wa kushoto ameulaza pajani kwa namna ambayo saa yake itaonekana. Dada yangu mkubwa, wakati huo mtoto wa miaka sita hivi, amesimama kulia kwake na kiganja chake kiko begani kwa baba. Nyuma yao pana pazia lililochorwa ngazi, nguzo na miti ya bustani, vitu ambavyo hakuna aliyekuwa navyo katika mji wetu wa vumbi ukingoni mwa Tana. Nyuma ya karatasi kuna muhuri wa studio, na chini ya muhuri namba iliyoandikwa kwa kalamu ya wino.

Hiyo namba ndiyo inayonishughulisha. Ilimaanisha kwamba mahali fulani, ndani ya boksi, palikuwa na negativu yenye namba hiyohiyo, na kwenye daftari la mpiga picha palikuwa na jina la baba. Mtu angeweza kurudi baada ya mwaka, akataja jina, akachapishiwa nyingine. Mji ulikuwa na kumbukumbu yake, iliyopangwa kwenye maboksi na mtu asiyetumwa na serikali. Sasa studio ile haipo, maboksi hayapo, na picha ya namna ile haipigwi tena.

Ukiuliza sababu, karibu kila mtu atakujibu kwa neno moja: simu. Sikatai. Ila simu ilimkuta mgonjwa ambaye tayari alikuwa kitandani, na ugonjwa wenyewe ulianza zamani.

Tuanze mbali kidogo, maana kilichotupata kiliwapata wengine kabla yetu kwa njia inayofundisha. Samuel Morse, anayejulikana na dunia kwa telegrafu, alikuwa mchoraji wa sura za watu kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Miaka ya 1836 na 1837 alimchora binti yake Susan kwa rangi za mafuta: msichana ameketi, penseli mkononi, macho ameyainua kama anayetafuta la kuchora. Picha hiyo iko leo katika jumba la Metropolitan Museum of Art, New York. Machi 1839 Morse alikuwa Paris, akakutana na Louis Daguerre na kuonyeshwa zile bamba za shaba zilizopakwa fedha ambazo mwanga wenyewe ulichora juu yake. Aliporudi Marekani alijipatia kifaa, na miongoni mwa watu wa kwanza aliowaketisha mbele yake, juu ya paa, kwenye jua kali, ni binti yuleyule. Ilibidi akae dakika nyingi bila kutikisika, macho ameyafumba kwa sababu ya mwanga. Baadaye Morse aliwafundisha wengine kazi hiyo, akiwemo Mathew Brady ambaye angekuja kuwa mpiga picha mashuhuri wa enzi zake. Basi baba yule aliyemchora binti kwa brashi ndiye aliyesaidia kuleta mashine iliyowanyima wachoraji mkate.

Waliopoteza mkate walikuwa wengi. Marekani ya mwanzo ilijaa wachoraji wa kutembea, mafundi waliokwenda kijiji hadi kijiji na rangi zao, wakilala kwa mteja mpaka kazi iishe. Ammi Phillips, aliyeishi kati ya 1788 na 1865, alizunguka kwenye mipaka ya New York, Connecticut na Massachusetts kwa miaka kama hamsini, na kwa nadra tu alitia sahihi. Kazi zake zilitawanyika hata wataalamu wa karne ya 20 wakadhani zimetoka kwa mikono ya watu mbalimbali, mpaka watafiti walipozikusanya na kuzirudisha kwa mtu mmoja. William Matthew Prior yeye alikuwa na bei mbili: aliyekuwa na fedha alichorwa kwa vivuli na ujazo wa uso, na asiyekuwa nazo alichorwa bapa, bila vivuli, kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo.

Miongoni mwa wateja wa Prior walikuwemo Wamarekani weusi. Mwaka 1843 aliwachora William Lawson na mkewe Nancy, watu huru wa Boston, wamevaa vizuri na wameketi kwa utulivu. Picha zao ziko Shelburne Museum, Vermont. Na kabla ya Prior kulikuwa na Joshua Johnson wa Baltimore, mtoto wa mwanamke mtumwa, aliyepewa uhuru wake mwaka 1782 akawa mchoraji wa sura za watu kwa kazi. Fikiria mahali mtu mweusi alipokuwa akiandikwa katika nchi ile wakati ule: orodha ya mali, hati ya mauzo, tangazo la mtumwa aliyetoroka. Katika madaftari hayo yote aliandikwa na mwingine, kwa faida ya mwingine. Mbele ya Prior, Nancy Lawson alikwenda kwa miguu yake, akachagua nguo yake, akalipa.

Hapo ndipo ninapoiona Garissa.

Sisi wa kaskazini mashariki mwa Kenya tumeandikwa sana. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria iliyoifanya nchi yetu kuwa eneo lililofungwa, asiingie mtu wala asitoke bila ruhusa, na sheria ya 1934 ikaongeza mamlaka ya kuwafunga watu katika mipaka ya malisho ya koo zao. Uhuru ulikuja pamoja na vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, na sheria za hali ya hatari ambazo hazikuondolewa mpaka 1991. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali waliamriwa kujitokeza kuhakikiwa, na aliyepita alipewa kadi ya rangi ya waridi ya kubeba juu ya kitambulisho chake, kama kwamba karatasi ya kwanza haikutosha. Kisha zikaja kamati za uhakiki kwa kila kijana anayeomba kitambulisho: lete kitambulisho cha baba, lete cha babu, taja ukoo, taja kisima mlichokuwa mkinyweshea. Rais William Ruto alitangaza mwisho wa uhakiki huo Februari 2025. Kwa hiyo vizazi vitatu vya Garissa vimekua vikijua kwamba kuandikwa ni jambo la kuogopa, na kutoandikwa ni jambo la kuogopa zaidi.

Studio ya picha ilikuwa daftari pekee ambalo watu wetu waliliingia kwa hiari. Hakuna aliyemsukuma baba kwenda pale. Aliuza mbuzi sokoni, akanunua sukari na majani ya chai, akanyoa, akamshika mtoto mkono. Mpiga picha hakumuuliza ukoo. Alimuuliza jina la kuandika kwenye risiti na atakuja lini kuchukua.

Mtoto wa kike kuwemo kwenye daftari hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko tulivyofahamu. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 kitambulisho cha taifa nchini Kenya kilikuwa cha wanaume. Mwanamke hakuwa na kadi, hivyo uso wake haukuwemo popote serikalini isipokuwa kama alisafiri nje. Dada yangu alikuwa na ushahidi wa karatasi kwamba yeye ni binti wa fulani miaka mingi kabla serikali haijafikiria kumpa mwanamke yeyote kitambulisho. Ushahidi huo aliupata studio.

Pwani walikuwa wametangulia. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Unguja mwaka 1930. Mombasa palikuwa na N. V. Parekh, ambaye kuanzia miaka ya 1940 alipiga picha za familia, maharusi na marafiki, nyingine zikipakwa rangi kwa mkono baada ya kuchapishwa. Lamu, jirani zetu wa kusini mashariki, alikuwako Omar Said Bakor, fundi wa kukata na kubandika, aliyeweza kuutia uso wa mtu ndani ya ua au ndani ya redio. Ukizitazama picha za Parekh na kisha ukaitazama yetu, utaona desturi ni moja: kiti, mkono begani, saa ionekane, pazia la nyuma lenye utajiri ambao mwenye picha hana lakini haukatazwi kwake. Mchoraji wa zamani hakufa mara moja, unaona. Alisogezwa nyuma ya mteja. Kamera ilipochukua uso, brashi iliachiwa pazia, na pale mgongoni mwa baba yangu bado ilikuwa ikifanya kazi.

Kwa sababu hiyo sioni kwamba kamera iliiua picha ya baba na binti. Iliirithi. Bamba la Daguerre lilikuwa kitu kimoja, chenye gharama, cha kuvaliwa nguo nzuri, cha kutunzwa sandukuni. Negativu na karatasi vikarithi desturi ileile kwa bei nafuu zaidi, mpaka ikamfikia mfugaji wa Garissa.

Kuporomoka kwa desturi hiyo Garissa kulianza kwa moto. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini, vikosi vya usalama viliuchoma mtaa wa Bulla Karatasi, na watu wakakusanywa kwenye uwanja wa shule ya msingi wakazuiliwa huko kwa siku kadhaa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilianza vikao vyake vya wazi Garissa Aprili 2011 na ikayaandika mauaji hayo katika ripoti yake ya 2013. Ripoti inahusu roho za watu, kama inavyopasa. Lakini nyumba inapoungua, sanduku la bati lililo chini ya kitanda huungua nayo: cheti cha kuzaliwa kama kilikuwako, kitambulisho cha babu, picha. Miaka tisa baadaye serikali ileile iliwataka watu walete karatasi za kuthibitisha wao ni nani. Picha yetu ilinusurika kwa sababu shangazi alikuwa ameichukua kwenda nayo Modogashe.

Kilichofanywa na moto, mto uliendeleza. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yaliingia nyumba za kando ya Tana, yakarudi mwishoni mwa 2023 na tena masika ya 2024. Aliyewahi kuona albamu iliyolowa anajua: karatasi hushikana, na ukijaribu kuzitenganisha, uso wa mmoja hubaki mgongoni mwa mwingine.

Kisha kuna dini, na hapa nataka kusema kwa adabu. Hadithi zinazowaonya wenye kutengeneza sura, na ile ya malaika kutoingia nyumba yenye picha, hujulikana na kila mtoto aliyepita duksi, chuo cha Kurani. Wazee wetu walizijua pia. Wengi wao walifuata rai ya wanavyuoni wasemao kwamba kamera haiumbi kitu, inakamata kivuli kama kioo kinavyokamata, na wakaona inatosha kuitoa picha ukutani wakati wa swala au kuiweka sandukuni. Kuanzia miaka ya 1980 na 1990 rai kali zaidi ilipata nguvu mjini, na kwa wengi picha ikawa ya dharura tu: kitambulisho, pasipoti, hospitali. Siwabishii masheikh katika elimu yao. Natazama tu matokeo. Picha aliyoipenda mtu, ya kukaa na mwanawe, ikawa na lawama, na picha aliyodaiwa na serikali, ya kusimama peke yake mbele ya ukuta mweupe, ikawa halali. Hukumu ya dharura, bila mtu yeyote kukusudia, iliiachia serikali iamue ni uso upi utabaki.

Palikuwa na hofu nyingine ndogo ambayo haikuhitaji fatwa. Binti akikua, baba huanza kujiuliza negativu ya sura ya mwanawe iko kwa nani. Maboksi yaleyale niliyoyaita kumbukumbu ya mji yalikuwa, kwa baba mwenye mabinti, nyuso za wanawe mikononi mwa mwanamume mgeni. Wengine walidai negativu pamoja na picha. Ilikuwa haki yao. Na kila negativu iliyodaiwa ilitoa ukurasa mmoja katika daftari.

Biashara yenyewe ilikuwa nyembamba tangu mwanzo. Karatasi na dawa za kusafishia zilitoka Nairobi, zaidi ya kilomita 350, na joto la Garissa haliwi rafiki wa dawa wala wa filamu. Picha nyeusi na nyeupe ziliweza kusafishwa papo hapo, katika chumba cha giza cha mpiga picha mwenyewe. Rangi zilipoingia, filamu zilipelekwa kwenye maabara za miji mikubwa, na mpiga picha wa Garissa akawa wakala wa mashine ya mtu mwingine. Alipoteza chumba cha giza, na pamoja nacho ufundi na sehemu ya faida.

Angalia pia jinsi studio za bara zilivyojiokoa. Katikati ya Kenya na magharibi, msiba una wiki nzima ya maandalizi, na kijitabu cha mazishi chenye picha za marehemu tangu utoto kimewalisha wachapaji na wapiga picha kwa miaka mingi. Familia inalazimika kutafuta picha za zamani, kuzinakili, kuzipanga, kuandika chini yake nani ni nani. Kifo kinakuwa siku ya kuhesabu albamu. Kwetu maiti huzikwa siku ileile, kwa sanda, bila kijitabu. Ni sunna na ni jambo jema. Ila lina maana kwamba hakuna siku maalumu katika maisha ya familia ya Garissa inayomlazimisha mtu kufungua sanduku na kutazama picha kama zimeanza kuharibika.

Na zimeharibika, hasa zile tulizodhani ni bora. Picha nyeusi na nyeupe, ikisafishwa vizuri, imeshikiliwa na chembe za fedha ndani ya karatasi, na huvumilia miongo mingi hata mahali pa joto. Picha za rangi za miaka ya sabini na themanini zimeshikiliwa na rangi za kemikali ambazo huvunjika zenyewe hata gizani, na joto huziharakisha. Rangi ya buluu na kijani hutangulia kwenda, inabaki nyekundu. Ndiyo maana katika nyumba nyingi babu bado ana macho na mikunjo ya uso, ilhali watoto wake, waliopigwa picha miaka ishirini baadaye kwa fedha nyingi zaidi, wamegeuka ukungu wa rangi ya tikiti maji. Picha ya baba na dada yangu ni nyeusi na nyeupe. Picha ya dada yangu siku ya nikaha yake ni ya rangi, na uso wake ndani yake tunaujua kwa kuukumbuka.

Mwishoni studio za Garissa ziliishi kwa picha za pasipoti. Hilo lilikuwa pato la uhakika kwa sababu serikali haikomi kutaka sura. Lakini mwombaji wa pasipoti ya kielektroniki sasa hupigwa picha na kamera ya afisa wa uhamiaji, palepale dirishani. Kodak, jina lililoandikwa juu ya milango mingi ya studio Afrika Mashariki, iliomba kinga ya kufilisika Januari 2012. Ukiingia leo mahali palipoandikwa studio utakuta mashine ya kunakili, vifuniko vya simu, na kijana anayewajazia watu fomu za serikali za mtandaoni, eCitizen. Pazia la nyuma ni kitambaa cheupe.

Basi hapo ndipo simu ilipokuja, na haikuwa na cha kuua ila mabaki. Tofauti yake na waliotangulia ni kwamba haikurithi desturi. Haina siku, kwa sababu kila siku ni yake. Haina mtu wa tatu anayesema inua kidevu, na kuandika jina. Haina gharama inayomfanya mtu anyoe. Sisemi picha za simu ni mbaya. Ninazo za mabinti zangu elfu nyingi na nazipenda. Lakini zimelala ndani ya kifaa ambacho kitaibiwa, kitazama kwenye ndoo ya maji, au kitajaa, na nikiwatumia ndugu kwa WhatsApp zinafika zimepunguzwa ubora. Mwanangu akiulizwa baada ya miaka hamsini aonyeshe yeye na babake, sina hakika kama ataonyesha hata moja, na mimi nimempiga picha mara nyingi kuliko baba alivyompiga picha yeyote kati yetu.

Familia zenyewe pia hazikai tena chumba kimoja. Baba yuko Garissa, binti Minneapolis. Au binti yuko Eastleigh na baba yuko Ghuba. Picha ya baba na binti ya zama hizi ni picha ya skrini: nyuso mbili katika vijisanduku viwili, mmoja mchana na mwingine usiku. Nimeziona, na zingine zina uzuri wake. Mkono begani hauwezekani humo.

Mtu aweza kudhani kwamba sayansi imeziba pengo, kwamba siku hizi ubaba unathibitishwa kwa njia bora kuliko karatasi. Mwaka 2008 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuunganisha familia za wakimbizi baada ya vipimo vya DNA, vilivyoanza Nairobi hasa kwa Wasomali na Waethiopia, kuonyesha kwamba undugu mwingi uliodaiwa haukuthibitika. Mpango ulirudi 2012 kwa sharti la DNA. Udanganyifu ulikuwapo, na haufai kutetewa. Lakini mate ndani ya kichupa hayana neno la kusema juu ya mtoto wa ndugu aliyeuawa, aliyelelewa tangu akiwa mchanga akaitwa binti. Kwetu huyo ni binti. Katika picha ya studio angesimama palepale aliposimama dada yangu, na mpiga picha angeandika jina moja tu kwenye risiti. Dadaab, ambako kambi za wakimbizi zilifunguliwa 1991 na 1992, kuna hata kinyume chake: Wakenya waliopelekwa na wazazi wao miaka ya ukame kuandikishwa kama wakimbizi ili wapate chakula, wakakua, wakaomba kitambulisho, wakaambiwa alama za vidole vyao zinasema wao si Wakenya. Kidole kinakumbuka ulipoandikwa. Hakikumbuki uliketi na nani.

Unguja, studio ya Oza iliendelezwa na mwanawe Rohit, na picha za zamani zinauzwa na kutazamwa. Kazi za Parekh na za Bakor zimefanyiwa utafiti na kuonyeshwa katika maonyesho ng'ambo. Pwani ilipata bahati ya kuonekana nzuri machoni pa wageni. Garissa ilipoingia katika magazeti ya dunia ilikuwa kwa Aprili 2, 2015, siku watu 148 walipouawa katika chuo kikuu chetu, na kwa kambi. Hakuna anayekuja kwetu kutafuta picha ya mfugaji aliyevaa shati jeupe. Kazi hiyo ni yetu, na si kazi ngumu: mashine ya kunakili ya bei ndogo, kijana mvumilivu wa maktaba ya kaunti, chumba cha wanawake chenye mwanamke wa kuhudumu ili mama alete sanduku lake bila wasiwasi, na daftari la kuandika nyuma ya kila picha panasema nini, nani ameketi, nani amesimama, nani alisema. Wenye rai ya kukataza picha wanaweza kuombwa wafikirie hili kama mlango wa haki za nasaba na mirathi, ambako ushahidi una uzito katika sheria yetu. Naamini watasikiliza. Wanaojua majina ya walio ndani ya picha wana miaka sabini na themanini sasa.

Mwaka jana familia ilihitaji picha ya marehemu baba kwa ajili ya karatasi za shamba. Hatukuwa na nyingine. Nilikwenda na ile ya studio kwa kijana wa eCitizen, akainakili, akamkata baba kutoka kwenye kiti na pazia, akaweka ukuta mweupe nyuma yake. Kwenye skrini vilibaki vidole vinne vidogo juu ya bega la kulia. Kijana akavisogelea kwa kishale akaniuliza kama avifute.

Nikamwambia aviache, na kama ofisi itakataa nitarudi.